Zawadi, Amana au Bidhaa? Vyuo Vikuu na Uuzaji wa Sanaa Vilizotunukiwa

Mnamo Juni mwaka 2008 Mto Iowa, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, ulifurika na kuingia ndani ya Chuo Kikuu cha Iowa. Miongoni mwa majengo yaliyoharibika ni makumbusho ya sanaa ya chuo hicho, yaliyokuwa yamefunguliwa kando ya mto huo mwaka 1969. Kazi za thamani zilikuwa zimehamishwa kabla ya maji kufika. Jengo liliangamia, mali ikaokoka. Hata hivyo, kabla matope hayajakauka, mali hiyo iliyonusurika na maji ilikabiliwa na hatari ya namna nyingine. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, mjumbe mmoja wa bodi inayosimamia vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo alitaka kujua mchoro mmoja wa makumbusho hayo ungeleta pesa ngapi iwapo ungeuzwa.

Mchoro huo unaitwa *Mural*. Ulichorwa na Jackson Pollock mwaka 1943, na una urefu wa takriban mita 6 na kimo cha mita 2.4 hivi. Thamani iliyotajwa hadharani wakati huo ilikuwa takriban dola za Marekani milioni 140. Bodi haikuuza. Mwaka 2011 suala likafufuliwa na mbunge mmoja wa jimbo aliyependekeza mswada wa kukilazimisha chuo kuuza mchoro huo ili fedha zitumiwe kuwasomesha wanafunzi wa sanaa. Mswada ukafa kabla ya kupigiwa kura na bunge zima. Lakini swali lenyewe halikufa, na wala si la Iowa peke yake. Je, chuo kikuu kilichopewa kazi ya sanaa yenye thamani kubwa kina haki ya kuiuza kinapopatwa na dhiki? Makala haya yanashikilia kwamba hakina haki hiyo, na kwamba sababu yake huonekana vizuri zaidi mtu akilitazama suala hili kwa msamiati wa Kiswahili kuliko akilitazama kwa msamiati wa mahasibu.

Ni vyema kuanza na namna mchoro huo ulivyofika chuoni. Peggy Guggenheim, tajiri aliyekuwa na jumba la maonyesho jijini New York, alimwagiza Pollock amchoree picha ya kuwekwa kwenye ukumbi wa kuingilia nyumbani kwake. Wakati huo Pollock alikuwa kibarua katika makumbusho ya amu yake Guggenheim. Mkataba wa mwaka 1943 ulimpa dola 150 kwa mwezi ili aache kibarua na kushika brashi. Msanii Marcel Duchamp ndiye aliyeshauri picha hiyo ichorwe kwenye kitambaa badala ya ukutani, ili iweze kuhamishwa. Ushauri mdogo, lakini bila huo pasingekuwa na mjadala huu. Guggenheim alipohamia Venice baada ya vita, hakuwa na mahali pa kuuweka mchoro wa ukubwa huo. Akautoa kwa Chuo Kikuu cha Iowa, nacho kikatakiwa kulipia usafirishaji tu. Ulifika chuoni mwaka 1951, miaka 18 kabla ya makumbusho kufunguliwa, ukatundikwa katika majengo ambamo wanafunzi walikuwa wakipita na kufanya kazi zao.

Kwa nini Iowa, jimbo la wakulima wa mahindi? Kwa sababu chuo hicho kilikuwa tayari na msimamo wake kuhusu sanaa. Tangu mwaka 1922 kilikubali kazi za ubunifu ziwasilishwe kama tasnifu za shahada za juu. Elizabeth Catlett, mchongaji mashuhuri Mmarekani mweusi, alipata shahada yake ya uzamili katika sanaa hapo mwaka 1940. Taban lo Liyong naye alihitimu katika warsha ya waandishi ya chuo hicho mwaka 1968, na mwaka huo huo, akiwa Nairobi, jina lake likaonekana pamoja na la Ngũgĩ wa Thiong'o na la Henry Owuor-Anyumba kwenye waraka uliodai kufutwa kwa Idara ya Kiingereza. Kwa hiyo jina la Iowa si geni katika historia ya fasihi ya Afrika Mashariki. Hiki kilikuwa chuo kilichoamini kwamba anayeumba na anayechambua wanapaswa kukaa chini ya paa moja, na zawadi ya Guggenheim ilikwenda mahali palipokuwa na imani hiyo.

Mgala muue na haki yake mpe. Wanaotetea uuzaji si wajinga, wala si maadui wa sanaa wote. Hoja yao ni ya hesabu, na hesabu yao ni nzito. Dola milioni 140 zikiwekezwa kwa faida ya asilimia 4 kwa mwaka zingezaa dola milioni 5.6. Endapo kila mwanafunzi angepewa dola 10,000, wanafunzi 560 wangefadhiliwa kila mwaka pasipo kugusa mtaji. Nani asiyeona uzito wa jambo hilo? Msomaji aliyewahi kuona mwenzake akiondolewa kwenye orodha ya mtihani kwa sababu ya salio la karo hawezi kuipuuza tarakimu hiyo. Aidha, wao huuliza: mchoro umeningʼinia ukutani, unatazamwa na watu wachache, unagharimu bima na ulinzi, upande wa pili kuna binadamu hai anayeacha masomo. Kipi kitangulie, rangi juu ya kitambaa au mtu?

Swali hilo limepangwa kwa ustadi, na kosa lake limo katika mpangilio wake. Linachukulia kwamba chuo ndicho mwenye mali. Mwenye mali huchagua kati ya vitu vyake viwili. Lakini je, chuo kinaumiliki mchoro huo kwa namna kinavyomiliki basi au jenereta yake?

Hapa ndipo Kiswahili kinaposaidia. Neno zawadi katika matumizi ya kila siku limebeba mambo mengi mno, na wanaojadili suala hili hulitumia kana kwamba lina maana moja. Lugha hii, kwa mchango wa sheria ya Kiislamu na desturi za pwani, ina maneno mengine matatu yanayotenganisha kile ambacho zawadi hukichanganya. Hiba ni kitu ambacho mtu humpa mwingine moja kwa moja. Anayepewa huwa ndiye mmiliki, na akitaka kuuza, ni hiari yake. Amana ni kitu anachowekewa mtu akitunze. Mwenyewe bado ni mwenyewe, na akija kukidai hupewa. Wakfu si hiba wala amana. Anayetoa wakfu huacha umiliki wake, lakini anayekabidhiwa haupati umiliki huo. Asili ya mali huzuiliwa, isiuzwe, isirithiwe. Manufaa yake ndiyo huachiliwa yawafikie waliokusudiwa, wa leo na wa kesho. Msimamizi wa wakfu ni mtumishi wa mali hiyo.

Mchoro wa Iowa unaangukia wapi kati ya hayo matatu? Si amana, kwa kuwa mtoaji hakuuweka hapo ili aje auchukue. Wala haielekei kuwa hiba, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili timamu anayeitunuku bodi ya chuo picha ya mita 6 kwa ajili ya starehe ya wanabodi. Ulitolewa ili wanafunzi wautazame, waalimu wafundishe kwao, na wakazi wa jimbo wapate kitu ambacho wasingekipata bila kusafiri hadi New York. Wanaonufaika ni pamoja na mwanafunzi ambaye bado hajazaliwa. Sheria za Marekani hazilijui neno wakfu, lakini roho ya jambo ni hiyo hiyo.

Mtu yeyote aliyekulia Mombasa, Lamu au Malindi amewahi kusikia habari za mnazi wa msikiti. Mtu hutoa minazi yake kadhaa iwe wakfu. Nazi zake huangushwa na kuuzwa, na pesa zake hununua mafuta ya taa au mikeka. Nazi huuzwa kila msimu bila mtu kulalamika. Lakini msimamizi akiukata mnazi wenyewe na kuuza mbao zake kwa sababu paa la msikiti linavuja, hata kama ni kweli linavuja, mji mzima utamwuliza alipewa ruhusa na nani. Sasa itazamwe safari ya mchoro huo baada ya mafuriko. Mwaka 2012 ulipelekwa kwa wataalamu wa Getty jijini Los Angeles ukatengenezwa na kuchunguzwa, ukaonyeshwa huko mwaka 2014. Baadaye ulizungushwa Venice, Berlin, Málaga, London, Bilbao, Washington na New York, ukiwa balozi wa chuo kisichokuwa na jengo la kuuweka. Hizo ndizo nazi. Mnazi ulibaki mali ya wakfu.

Uchunguzi wa Getty unastahili kuelezwa zaidi kidogo, kwa kuwa hoja ya kwamba mchoro umeningʼinia tu bila kazi huanguka hapo. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba Pollock aliuchora mchoro wote kwa usiku mmoja, kama mtu aliyepagawa. Hadithi tamu, na wahakiki waliirudia vitabuni. Wataalamu walipochunguza matabaka ya rangi walikuta kwamba baadhi yalikuwa yamekauka kabla ya mengine kupakwa juu yake. Rangi za mafuta haziwezi kukauka hivyo kwa usiku mmoja. Basi hadithi ya usiku mmoja ikaporomoka, zaidi ya miaka 60 baada ya zawadi kutolewa, kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa kingalipo na kilikuwa mikononi mwa taasisi iliyokubali kukitoa kichunguzwe. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anaijua hali hii kwa njia nyingine. Anayehakiki utenzi kutokana na toleo lililochapwa huweza kujenga nadharia nzima juu ya neno moja, kisha mwingine akaitazama hati ya Kiarabu yenyewe, akagundua kwamba neno hilo ni kosa la mchapaji. Kitu asilia huendelea kujibu maswali ambayo hayakuwa yameulizwa siku kilipotolewa. Chuo kinachokiuza huuza pamoja nacho majibu hayo.

Zipo hoja nyingine za kiutendaji ambazo hazihitaji maneno mengi. Wabunge wakishaona chuo kimepata dola milioni 140, ni rahisi mno kwao kupunguza mgao wa serikali kwa kiasi kinachokaribia hicho. Mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto huchukua. Mnada nao hauulizi mnunuzi ataupeleka mchoro wapi. Na atakayewaza kukitunuku chuo hicho kitu baada ya hapo atafikiri mara mbili. Usiache mbachao kwa msala upitao, na mahitaji ya fedha ya chuo kikuu ni msala upitao kila mwaka.

Lakini kuna kisa kimoja kinachoitikisa hoja hii yote, na si haki kukikwepa. Chuo Kikuu cha Fisk, jijini Nashville katika jimbo la Tennessee, kilianzishwa mwaka 1866 kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Mwaka 1949, wakati ubaguzi wa rangi ulipokuwa sheria katika majimbo ya kusini, mchoraji Georgia OʼKeeffe alikipa chuo hicho kazi 101 zilizotokana kwa sehemu kubwa na mirathi ya mumewe, Alfred Stieglitz. Zilikuwamo kazi za wasanii wakubwa wa Ulaya na Marekani, pamoja na za OʼKeeffe mwenyewe. Aliyemshawishi ni rafiki yake Carl Van Vechten, na rais wa chuo wakati huo alikuwa Charles S. Johnson, mtu mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo. OʼKeeffe aliweka masharti: zisiuzwe, zisitenganishwe. Hakuna anayeweza kutafsiri vibaya kusudio lake. Alitaka kijana mweusi wa kusini, aliyefungiwa milango mingi, awe na mkusanyo ambao hata vyuo vya matajiri wangeuonea kijicho.

Ilipofika mwaka 2005 Fisk ilikuwa taabani kifedha. Iliomba mahakama iiruhusu kuuza michoro miwili, mmoja ukiwa *Radiator Building* wa OʼKeeffe. Kesi ikavutana kwa miaka mingi. Hatimaye mwaka 2012 makumbusho ya Crystal Bridges ya Arkansas, yaliyoanzishwa na mrithi wa utajiri wa maduka ya Walmart, yalilipa dola milioni 30 na kupata nusu ya umiliki. Tangu hapo mkusanyo ukawa wa kuhama kati ya Nashville na Arkansas kwa zamu ya miaka miwili miwili.

Nani atathubutu kuinyoshea Fisk kidole? Chuo kikifungwa, mkusanyo utawafaa wanafunzi gani? Mnazi wa msikiti hauna maana msikiti ukishabomoka. Wanaokataa uuzaji kwa ukali usio na masharti yafaa waitazame Fisk usoni kwanza. Hata hivyo, yapo mambo mawili ya kuzingatiwa. Kwanza, umaskini wa Fisk haukuanguka kutoka mbinguni. Vyuo vya watu weusi nchini Marekani vilinyimwa fedha kwa vizazi vingi ilhali vya weupe vilijazwa. Kuja leo na kuviambia vijiokoe kwa kuuza kile kidogo cha thamani kilichoingia mikononi mwavyo ni kuwatoza fidia walioibiwa. Pili, mahakama haikuruhusu kazi hizo zitawanywe mnadani. Suluhisho lililopatikana, lenye kasoro zake, liliubakisha mkusanyo ukiwa mmoja, ukionekana hadharani, na chuo kikibaki na nusu. Sharti la OʼKeeffe lilivunjwa nusu. Kwa hukumu ya makala haya, hiyo ndiyo hatua ya mwisho kabisa ambayo chuo kinaweza kufika bila kugeuka dalali, na kinaweza kuifikia pale tu uhai wa chuo chenyewe unapokuwa hatarini, si kwa ajili ya kuongeza starehe.

Ukilinganisha na Fisk, visa vingine vinapungukiwa na udhuru. Mwaka 2009, baada ya msukosuko wa fedha, wadhamini wa Chuo Kikuu cha Brandeis karibu na Boston walitangaza kuyafunga Makumbusho ya Sanaa ya Rose na kuuza vilivyomo. Wafadhili wakaenda mahakamani, na mwaka 2011 wakaafikiana kwamba makumbusho yabaki. Chuo kiliendelea kuishi bila kuuza. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Valparaiso, Indiana, kilitangaza nia ya kuuza michoro mitatu ili kukarabati mabweni ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mabweni mazuri ni jambo jema, hakuna mwanafunzi wa Kenya atakayebisha. Lakini bweni huchakaa baada ya miaka 30, likahitaji kukarabatiwa tena, na safari hiyo hakutakuwa na mchoro.

Kisa cha Chuo cha Randolph, Virginia, kinauma kwa namna ya pekee. Mwaka 1920 wanafunzi, wakati huo wote wakiwa wanawake, pamoja na wakazi wa mji walichanga pesa wakanunua mchoro wa George Bellows uitwao *Men of the Docks*, unaoonyesha wafanyakazi wa bandarini New York wakati wa baridi. Kwa lugha ya Kenya, hiyo ilikuwa harambee. Mwaka 2007 wasimamizi waliuondoa ukutani, na mwaka 2014 wakauuza kwa makumbusho ya National Gallery ya London kwa dola milioni 25.5. Angalau ulikwenda mahali ambapo umma unaweza kuuona, na hilo lihesabiwe kwa upande wa chuo. Lakini waliochanga sarafu zao mwaka 1920 hawakuchanga ili kujaza mfuko wa chuo karibu miaka mia moja baadaye.

Mtetezi wa uuzaji atauliza: je, ikiwa mtoaji hakuandika sharti lolote? Na je, hakuna hali hata moja ambapo kitu cha makumbusho kinaweza kuondoka? Majibu ya maswali haya yote yamo katika mantiki ile ile ya wakfu. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, ni makali kuhusu kuuza mali ya wakfu. Wanazuoni wa Kihanafi walilegeza kidogo: mali iliyokoma kuleta manufaa huweza kubadilishwa, mradi thamani yake inunue mali nyingine itakayofanya kazi ile ile. Hawakusema inunue chochote kinachohitajika. Ajabu ni kwamba vyama vya makumbusho vya Marekani, ambavyo haielekei vilifungua vitabu vya fikihi, vilifikia karibu kanuni hiyo hiyo: kazi inaweza kuuzwa, ila pesa zake zinunue kazi nyingine au zitunze zilizopo, zisilipe mishahara wala madeni. Chuo cha Randolph kilipoikiuka kanuni hiyo, makumbusho yake yaliwekewa vikwazo na chama cha wakurugenzi wa makumbusho za sanaa.

Ipo pia hali nyingine ambapo kitu lazima kiondoke, na hii inamhusu msomaji wa Kenya moja kwa moja. Aliyetoa anaweza kuwa alitoa kisicho chake. Mwaka 1985 vigango viwili vya familia moja ya Kigiriama viliibwa. Kigango, kama ijulikanavyo miongoni mwa Wamijikenda, ni nguzo ya mti iliyochongwa na kusimikwa kwa ajili ya mzee wa Gohu aliyefariki; si pambo, na hakiondolewi kiliposimikwa. Baadaye mtafiti aliyewahi kumpiga picha mzee wa familia hiyo akiwa mbele ya vigango vyake alikitambua kimoja katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Illinois State, na cha pili kikapatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyuo hivyo vilikuwa vimevipokea kwa nia njema. Vyote viwili vilirejeshwa Kenya, cha Illinois kikitangulia mwaka 2006. Hebu ichukuliwe kwamba mojawapo ya vyuo hivyo kingekuwa na dhiki ya fedha mwaka 2000 kikaamua kuuza vitu vyake. Kigango kingeingia sebuleni mwa mtu binafsi, na familia ingebaki na picha peke yake. Chuo kilichojihesabu kuwa msimamizi tu, wala si mmiliki, ndicho kilichoweza kurejesha. Makumbusho ya Iowa nayo, ambayo sasa yanaitwa Stanley na yalifunguliwa upya katika jengo jipya mwaka 2022 huku mchoro wa Pollock ukirudi nyumbani, yalirejesha kazi mbili za Benin kwa Oba wa Benin mwaka 2024. Makumbusho yale yale yaliyokataa kuuza yalikubali kutoa bila malipo. Hakuna mgongano hapo. Katika hali zote mbili, chuo kilikiri kwamba kitu si chake.

Je, haya yana uhusiano gani na wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, ambao idara zao hazina Pollock ukutani? Hazina hiyo wanayo, ila haijatundikwa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa hati za Kiswahili na Kiarabu ambazo J. W. T. Allen aliziorodhesha katika kitabu kilichotoka mwaka 1970. Chuo cha SOAS jijini London kina karatasi za W. E. Taylor, zikiwemo tungo za Muyaka zilizokusanywa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Hati hizo zilitoka majumbani mwa watu wa pwani, mikononi mwa wajukuu wa malenga na makadhi. Zipo nyingine nyingi ambazo bado zimo masandukuni, na wanafunzi wa uzamili na uzamifu huenda uwandani kila mwaka wakizitafuta. Mara nyingi huzipata. Mwenye nyumba huwaamini, huwapa, na chuo hupokea kwa shukrani za mdomo.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lenyewe mara nyingi halipo. Vyuo vikuu vya umma vya Kenya vimebeba madeni makubwa kwa miaka mingi, na soko la hati za kale duniani halijalala. Siku mtu atakapomwuliza naibu chansela hati ya utenzi ya karne ya 19 inaweza kuleta pesa ngapi, hoja kwamba ni wakfu itahitaji karatasi ya kuithibitisha. Kwa hiyo kila idara na kila maktaba inayopokea hati, kanda, picha au kinyago inapaswa siku hiyo hiyo kuandika mambo machache na kuyatia sahihi pamoja na mtoaji: kitu kimetoka wapi na kwa nani, mtoaji alikipataje, kimetolewa kwa namna gani kati ya hiba, amana na wakfu, nani ataruhusiwa kukitumia, na kitakwenda wapi iwapo idara itafungwa. Kazi hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji fomu ya ukurasa mmoja na mhadhiri atakayekataa kuchukua kitu kabla haijajazwa.

Fomu hiyo iandikwe kwa lugha ambayo mtoaji anaisoma. Kwa mzee wa Siyu au Pate anayekabidhi kitabu cha babu yake kwa mwanafunzi aliyefika kwa mashua asubuhi hiyo, lugha yenyewe ni Kiswahili, na nakala moja ibaki kwake.